Kumfundisha mgonjwa wa kisukari aliyelazwa: uanze na nini, uache nini

Swali limetoka kwa nesi wa wodi ya magonjwa ya ndani, nimelifupisha kidogo: "Kwetu kila mgonjwa wa kisukari anapewa somo lile lile siku ya kuruhusiwa. Kuna karatasi ya kurasa 4, tunaisoma naye harakaharaka, anasaini, anaondoka, na wengine wanarudi ndani ya mwezi. Nimeambiwa nifundishe kila mmoja kulingana na hali yake lakini mgonjwa mmoja nampata dakika 10 kwa bahati, nitawezaje? Halafu kuna mzee yuko kwenye insulini miaka mingi, ukitaka kumfundisha anasema anajua yote, na hii ni mara ya tatu analetwa sukari imeshuka. Huyo nimfanyeje? Na ndugu zake niwaite au niwaache?"

Haya dada, pole na kazi. Nianze na hizo dakika 10 maana ndo zinazowakwamisha wengi. Mtu akiambiwa afundishe kila mgonjwa kivyake anafikiri ni kuongeza, yaani zile kurasa 4 zibaki halafu juu yake aweke na mambo ya huyu, sasa muda atautoa wapi. Mi naona ni kinyume kabisa. Kumfundisha mtu kivyake ni kupunguza, uamue mambo gani huyu aliyelala hapa hayamhusu wiki hii, uyatoe bila aibu, ubaki na mawili matatu ambayo asipoyajua atarudishwa kwa ambulansi. Somo la jumla linakuwa refu kwa sababu halijui linaongea na nani.

Na wodini sio darasa la kisukari, tukubaliane hilo mapema. Mtu ana homa, usiku hajalala kwa kelele za wodi, ana kidonda kinamuuma, sukari yake juzi ilikuwa 25 na kichwa bado hakijakaa sawa, halafu wewe unataka umweleze kisukari kinavyoharibu mishipa midogo ya macho baada ya miaka 15. Hapana. Kozi kamili ni ya kliniki, akishapona. Hapa wodini lengo ni avuke siku za mwanzo nyumbani salama, na hata Chama cha Kisukari cha Marekani (ADA) kwenye mwongozo wake wa mambo ya kuhakikisha kabla mgonjwa hajatoka kinakaa hapohapo kwenye misingi: ajue dawa gani anakunywa au anajidunga na saa ngapi, apime sukari vipi na namba zipi zimshtue, atambue sukari ikishuka au ikipanda na afanye nini, achague chakula kwa akili, ajue la kufanya siku akiumwa, sindano zilizotumika azitupe wapi, na nani atamwona baada ya hapa. Basi. Na hata hivyo vichache huvigawi sawasawa kwa kila mtu, mmoja anahitaji dakika 9 za kujidunga na dakika moja ya mengine yote, mwingine hana haja ya sindano kabisa ila hajui vidonge vyake viwili vinatofautianaje.

Sasa utajuaje nani anahitaji nini bila kumhoji saa nzima? Kuna swali moja nalipenda kuliko fomu zote. Muulize, "Hebu niambie, ukisharudi nyumbani, kesho yake asubuhi ukiamka, siku yako inaenda vipi mpaka unalala?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi yenyewe hapo, sisi manesi tuna kaugonjwa ka kumalizia watu sentensi. Atakwambia naamka saa kumi na moja, napiga sindano yangu, naenda kazini, chai nakunywa huko kama saa nne hivi. Umeona? Ameshakupa somo zima la siku hiyo mwenyewe, insulini ya asubuhi na chakula vimeachana kwa masaa matano na kama ni insulini ya mchanganyiko au ya haraka huyo sukari itashuka akiwa njiani. Mwingine atasema dawa ananipa binti yangu, mi sijui hata majina. Basi mwanafunzi wako sio yeye, ni binti. Mwingine anafanya kazi usiku na analala mchana, ile karatasi yenu imeandika "asubuhi na jioni", jioni ya nani sasa? Mwingine atafika kwenye kupima sukari aseme mashine ipo lakini stripi ziliisha zamani, hapo ukimfundisha kurekebisha dozi kwa kufuata vipimo unapoteza muda wako na wake, bora umtafutie kwanza njia ya kupata stripi au umpangie dawa na daktari ambayo haimtegemei apime mara nne.

Swali la pili, fupi: "Katika haya yote ni kipi kinakuogopesha?" Hapa ndo vinatoka vitu ambavyo hakuna karatasi inavitaja. Kuna mtu anaamini insulini ndo iliyomkata mguu jirani yake, maana jirani alianza insulini na mwezi uliofuata akakatwa. Huyo ukimfundisha kona zote za tumbo za kudunga atakusikiliza kwa adabu kabisa, atatikisa kichwa kukubali, akifika nyumbani hadungi. Mpaka hiyo hofu iguswe kwanza, umweleze kwamba kidonda na mishipa vilishaharibika kabla na insulini ililetwa imechelewa, hamna somo linaloingia. Usimcheke na usimkatize.

Maswali haya mawili ni kama dakika 3. Zilizobaki 7 sasa unajua pa kuzipeleka.

Halafu, na hili ndo linabadilisha hesabu yote ya muda, acha kufundisha siku ya kuruhusiwa. Siku ile mgonjwa ameshavaa, ndugu wako mlangoni, dawa hazijafika kutoka famasi, akili yake iko nyumbani. Fundisha kwenye kazi ambayo tayari unaifanya. Mgonjwa anayedungwa insulini mara mbili kwa siku akilazwa siku 4 ni mara 8 za kushika sindano, na mara zote 8 tumemdunga sisi yeye ameangalia dari, halafu tunashangaa hajui. Siku ya kwanza mdunge huku unamsimulia unachofanya. Ya pili ashike yeye, wewe uelekeze. Ya tatu afanye peke yake, wewe mikono mfukoni. Kupima sukari kidoleni hivohivo, kila ukimpima muulize "hii namba unaionaje, ni nzuri, ni mbaya?" badala ya kuandika kwenye chati na kuondoka. Sekunde 20, na akitoka ameshaulizwa labda mara 12.

Hapo kwenye sindano kuna mtego mmoja naomba uuangalie sana kama hospitali yenu inatumia peni za insulini. Sindano za peni za hospitali mara nyingi ni za usalama, zina kifuniko kinachojirudi chenyewe. Za nyumbani ni za kawaida, zina kofia mbili, ya nje kubwa na ya ndani ndogo, na hiyo ndogo lazima itolewe. Mgonjwa aliyejifunza kwa ile ya hospitali anatoa kofia ya nje, anaweka peni tumboni, anabonyeza, anaona namba imerudi sifuri, anaridhika, kumbe insulini yote imeishia ndani ya kofia. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari rasmi kuhusu jambo hilihili kwa sababu watu walikuwa wanapandwa na sukari hivyo bila kujua. Kwa hiyo mfundishe kwa kifaa kilekile atakachoenda nacho, sio kinachofanana. Kama nyumbani anatumia chupa na bomba basi fundishia bomba, na angalia mistari, yale mabomba ya uniti 100 mengi kila mstari ni uniti 2 na yale ya 50 kila mstari ni 1, aliyezoea moja akipewa lingine anaweza kuvuta nusu ya dozi au mara mbili yake na haoni kosa liko wapi.

Mashine ya kupima vilevile. Kuna zinazosoma milimoli na kuna zinazosoma miligramu, wewe umemwambia "ikiwa chini ya 4 kunywa kitu kitamu" halafu ya kwake nyumbani inamwonyesha 62, atakaa anangoja ifike 4. Chini ya 3.9 ndo chini ya 70 kwa mizani ile nyingine. Mwambie alete mashine yake wodini, uione, umwandikie namba za mashine hiyo tu, usimwandikie zote mbili.

Tukija kwenye aina ya wagonjwa, nitakupa wale ambao somo la jumla linawaumiza zaidi, maana wengine utawatambua mwenyewe.

Yule aliyekuja kwa jambo lingine kabisa, kavunjika mguu au nimonia, sukari ikakutwa iko juu. Huyu kabla hujamfundisha chochote angalia kama HbA1c, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari, imepimwa. Ugonjwa mkali peke yake unaweza kupandisha sukari ya mtu asiye na kisukari, na HbA1c inasoma miezi miwili mitatu ya nyuma, kwa hiyo ikiwa 6.5% au zaidi sukari ilikuwepo kabla hajaugua, ikiwa chini yake huenda ni msukosuko wa ugonjwa tu na kinachotakiwa ni apimwe tena akishapona. (Akiwa ametiwa damu karibuni usiiamini sana, damu ya mtu mwingine inaharibu jibu.) Sasa wazia umemkalisha mtu huyo ukamsomea kurasa 4 za maisha na kisukari halafu baadaye ikaonekana hana. Yeye somo lake ni sentensi mbili na tarehe ya kurudi kupimwa.

Anayetumia steroidi. Prednisoloni ya asubuhi inapandisha sukari zaidi kuanzia mchana mpaka usiku, ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuwa nzuri tu. Ukimfundisha apime asubuhi kama kila mtu, atakuletea daftari la namba safi wakati kila jioni yuko 18. Na dozi ya steroidi ikianza kushushwa, insulini lazima ishushwe nayo, asipoambiwa hivyo ataendelea na uniti zilezile na atazimia. Kwa huyu mi naacha mambo ya chakula karibu yote, napima saa ya jioni, naandika nani ampigie siku dozi ikibadilika, naishia hapo.

Kwa kweli hili la dozi ya hospitali sio la steroidi peke yake. Mtu mwenye maambukizi makali mwili wake unadai insulini nyingi, anatoka wodini na dozi kubwa, maambukizi yanaisha wiki inayofuata na mahitaji yanashuka, dozi imebaki ileile. Tena wodini chakula kilikuwa kinakuja kwa saa na nyumbani hakiji kwa saa. Kwa hiyo kila unayemruhusu na insulini baada ya ugonjwa mkali mwambie wazi, "hii dozi ni ya mtu mgonjwa, ukiona sukari zinaanza kuja chini chini usisubiri tarehe ya kliniki". Sentensi hiyo moja inaokoa watu kuliko mchoro wa kongosho.

Kijana wa kisukari aina ya kwanza aliyeletwa na ketoni, ile asidi inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana. Karatasi yenu bila shaka ina mstari mwekundu "usiache insulini". Anaujua. Ameusikia tangu mtoto. Kinachotakiwa ni kujua kwa nini aliacha na hapo kuna sababu tofauti kabisa: ameishiwa, amechoka na ugonjwa usio na likizo, anaogopa kunenepa, anaona aibu kujidunga mbele ya wenzake, au, na hii ni ya kawaida mno, alikuwa anatapika hali chochote akaona akipiga insulini bila kula sukari itashuka. Huyo wa mwisho hakuwa mkaidi, alifikiri vizuri kwa taarifa alizonazo. Somo lake ni la siku ya kuumwa: insulini ya muda mrefu haiachwi hata kama huli, unapima sukari na ketoni kila saa chache, unakunywa maji kidogokidogo, ukishindwa kubakiza maji tumboni unakuja hospitali. Ila aliyeacha kwa sababu ya kuchoka ukimpa somo hilohilo umemkosa kabisa, huyo anahitaji mtu wa kuongea naye na ikiwezekana mpango rahisi zaidi.

Wanaotumia vile vidonge vya kutoa sukari kwenye mkojo, jamii ya dapagliflozini na empagliflozini, wao siku ya kutapika ni kinyume, vinasimamishwa mpaka ale tena vizuri, maana vinaweza kuleta asidi ya ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana. Unaona hatari iliyopo? Karatasi moja ikisema "siku ukiumwa usiache dawa zako za kisukari" imemsaidia mmoja na kumponza mwingine, na wote wamelala vitanda vinavyofuatana.

Kuhusu kusoma, usimuulize mtu kama anajua kusoma, hasa mbele ya wodi nzima. Mpe boksi la dawa yake, mwambie "hebu nionyeshe hii utaitumiaje". Utajua kusoma, utajua macho, utajua hesabu, vyote kwa pamoja. Macho ya kisukari yanadanganya, mtu anakutambua vizuri ukiwa mlangoni lakini mstari wa uniti 14 haoni, basi avute dozi mbele yako na wewe uisome. Kama ana peni mbili, ya haraka na ya muda mrefu, na haoni rangi vizuri, funga raba bendi kwenye moja, kidole kitamwambia. Mtu wa kiharusi mwangalie kama mkono mmoja unaweza kukaza sindano. Na kama alichanganyikiwa siku za mwanzo za kulazwa usijiaminishe kwamba sasa yuko sawa kwa sababu anasalimia vizuri, mpe maneno matatu ayakumbuke na saa ya kuchora, dakika 3 tu, ukiona hayuko sawa mfundishe anayekaa naye.

Sasa kuhakikisha ameelewa. "Umeelewa?" ni swali lisilo na faida, hakuna mgonjwa anayejibu sijaelewa. Geuza mzigo uwe wako: "Sijui kama nimeeleza vizuri, hebu nieleze mimi, ukianza kutetemeka na jasho usiku utafanya nini?" Akikwambia nitakunywa juisi kama glasi ndogo au maji yenye vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari, nitasubiri dakika 15, nitapima tena, bado iko chini narudia, ikipanda nakula kitu, huyo amefika. Akikwambia nitakunywa soda ile isiyo na sukari kwa sababu mliniambia sukari ni sumu, mshukuru Mungu umeuliza. Na tunauliza kidogo sana. Kuna utafiti wa 2003 San Francisco, Schillinger na wenzake walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa 74 wa kisukari wenye shida ya kuelewa maandishi ya afya, kati ya mambo mapya 124 yaliyoelezwa, daktari alihakiki kama mgonjwa ameshika kwa mambo 15 tu, yaani 12%. Na wale ambao madaktari wao walihakiki ndo walioelekea kuwa na sukari nzuri zaidi. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kipi kimesababisha kipi lakini swali halina gharama, uliza.

Haya, mzee wako.

Kwanza, mwamini. Anajua mengi, pengine anajua kisukari chake kuliko shifti nzima. Kwa hiyo usimfundishe, mwombe akufundishe wewe. "Mzee, wewe una uzoefu kuliko sisi, nionyeshe unavyofanya nyumbani, mwanzo mpaka mwisho." Mpe bomba lake na chupa yake, kaa. Na hapo usiangalie mikono peke yake. Mwombe ruhusa uone tumbo, na ulipapase, usiangalie tu kwa macho. Ukikuta vinundu laini au sehemu ngumu kama mpira chini ya ngozi karibu na kitovu, hapo ndo anapodunga kila siku kwa sababu hapaumi. Insulini inayopigwa kwenye vinundu hivyo inanyonywa kwa fujo, leo inachelewa, kesho inaingia yote, daktari akaona sukari iko juu akaongeza dozi, siku mzee akidunga pembeni kwenye ngozi nzuri hiyo dozi iliyoongezwa inamwangusha. Somo lake ni kuhamisha sehemu, kila dungo liachane na lililopita upana wa kidole au zaidi, LAKINI kabla hujamhamisha ongea na daktari, dozi mara nyingi inabidi ipunguzwe kwanza la sivyo wewe ndo utakuwa umemwangusha.

Angalia na insulini yenyewe. Kama ni ile yenye rangi ya maziwa anaiviringisha viganjani taratibu mpaka ichanganyike au anavuta tu? Chupa ameifungua lini? Nyingi zikishafunguliwa mwisho ni kama siku 28. Inakaa wapi, imewahi kuganda?

Kisha faili. Kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ya mwaka jana na ya leo. Insulini kwa sehemu inaondolewa na figo, figo zikichoka insulini inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo dozi aliyoijua miaka yote na kuifuata kwa uaminifu imekuwa kubwa bila yeye kukosea popote. Kama ana na vidonge vya kushusha sukari vya jamii ya glibenklamidi juu yake, kwa mzee mwenye figo mbovu hiyo ni hatari tupu, mwambie daktari leo sio kesho. Angalia kama uzito umeshuka, kama anaishi peke yake sasa na anakula mara moja kwa siku, kama meno yameisha. Angalia kama ana dawa ya presha ya jamii ya propranololi au atenololi, hizo zinaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, jasho linabaki, basi afundishwe kwamba dalili yake ni jasho. Na mtu aliyeshuka mara nyingi mwili unaacha kumpa onyo kabisa, anatoka kwenye kuongea vizuri mpaka kuanguka bila hatua ya katikati. Habari njema ni kwamba akikaa wiki kadhaa bila kushuka, onyo huwa linarudi.

Umeona nimeorodhesha vitu vingapi na vingi wala sio elimu? Ndo maana nasema mgonjwa anayerudi mara ya tatu usikimbilie kuandika "hafuati maelekezo". Nusu ya wakati anayafuata vizuri sana, maelekezo ndo yamezeeka. Lengo lake pia huenda limepitwa, kwa mzee mwenye maradhi mengi ADA inaridhika na HbA1c ya chini ya 8%, hakuna anayemdai 6.5. Kumwambia hivyo kunampa nafuu kubwa maana hawa wazee wa zamani walifundishwa kuogopa sukari ya juu tu, akiona 11 anajiongezea uniti kimya kimya. Muulize bila ukali: "ukiona iko juu huwa unajiongezea kidogo?" Wengi wanacheka, halafu wanakwambia.

Ndugu: waite, ila muulize mgonjwa kwanza, na amchague yeye. Sio kila ndugu anayeleta uji ndo anayelala nyumba moja naye. Kwa mzee huyu ndugu ana somo moja tu, akimkuta haongei vizuri au ana jasho na anaduwaa ampe kitu kitamu kama anaweza kumeza, akiwa hajitambui asimtie chochote mdomoni, amlaze ubavu, aite msaada. Kama hospitali ina glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, ya kumpa aende nayo, ndugu ndo afundishwe kuitumia, kwani mzee mwenyewe akiihitaji hataweza. Pia usimfanye mtoto wa miaka 10 awe mkalimani wa mama yake hata kama anaongea vizuri.

Ukitaka hoja ya kumpelekea bosi wako, kuna utafiti wa Healy na wenzake wa 2013 kule Ohio, walipitia mafaili ya wagonjwa 2,265 wenye HbA1c ya zaidi ya 9%, waliopata elimu ya kisukari wakiwa wamelazwa 11% walirudi ndani ya siku 30, wasiopata 16%. Ni wa kuangalia nyuma, sio wa kupiga kura nani apate nani akose, kwa hiyo usiupigie debe kupita kiasi, ila kwa kikao cha wodi unatosha.

Na hizo kurasa 4 usizichane. Chukua kalamu, kata mistari isiyomhusu mgonjwa huyu mbele yake, zungushia ile miwili inayomhusu, andika dozi yake na namba ya simu ya kliniki kwa herufi kubwa. Kwenye faili, badala ya "amefundishwa kuhusu kisukari", andika kilichofanyika: "amejidunga mwenyewe mara 3, anasahau kuviringisha chupa, sukari kushuka ameeleza sawa, siku ya kuumwa bado, shifti ya usiku mumalizie." Wenzako wa usiku wana muda kuliko wa asubuhi, na mgonjwa asiyepata usingizi saa nane usiku anaongea kuliko yule unayemkuta katikati ya raundi ya madaktari.